"Ndiyo, Mwalimu" Si Jibu

Mtoa mada alikuwa mtu mwema na alizungumza vizuri. Alikuja Ruanda, huku kwetu Mbozi, msimu wa kahawa ukielekea mwisho, tukakusanyika wazazi kwenye darasa lenye madawati mafupi kuliko magoti yetu. Akatueleza jinsi malezi yanavyomfanya mtoto aone kwamba mambo yake yako mikononi mwake, au aone kwamba yako mikononi mwa wengine: baba, mwalimu, bahati, Mungu. Alisema wataalamu wana kipimo cha jambo hilo. Kisha akasema watoto wetu wa vijijini wako upande mbaya wa kipimo, na kwamba sisi ndio tuliowaweka huko.

Niliandika kwenye daftari kila alichosema. Sikunyoosha mkono siku ile, na nimejutia kimya changu. Najibu leo, dai baada ya dai, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito na lina ukweli ndani yake. Ukweli huo ukichanganywa na madai yasiyosimama, wazazi wa hapa watavitupa vyote kwa pamoja, na watakaoumia ni watoto.

Nianze na pale aliposema kweli. Kipimo kipo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Julian Rotter, alichapisha dodoso lenye jozi 29 za kauli. Unasoma mbili, unachagua iliyo karibu na imani yako. Mwaka 1973 Stephen Nowicki na Bonnie Strickland wakatunga la watoto, maswali 40 ya ndiyo au hapana. Wanachokipima si mchezo. Huko Uingereza watoto waliozaliwa mwaka 1970 walifuatiliwa hadi utu uzima, na wale ambao walipokuwa na miaka 10 walijiona wana nguvu juu ya mambo yao, walipofika 30 walikuwa na afya nzuri zaidi: wachache wenye unene uliokithiri, wachache wenye msongo mkubwa wa mawazo. Marekani nako, ripoti ya James Coleman ya 1966, iliyohusu wanafunzi zaidi ya 500,000, ilikuta kwamba imani ya mtoto juu ya uwezo wa juhudi zake inafuatana na ufaulu wake kwa karibu kuliko mambo mengi ya shule yenyewe. Kwa hiyo mzazi anayeuliza, "Mwanangu anajiona vipi?" anauliza swali la maana. Ugomvi wangu ni juu ya namna ya kulijibu.

Dai la kwanza lilikuwa kwamba dodoso linasoma kilichomo ndani ya mtoto. Hapa nina la kusema kwa sababu nimelishika dodoso kwa mikono yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa kwa wiki chache kuhoji watoto katika vijiji vya wilaya hii. Karatasi ilikuwa na maswali ya ndiyo na hapana, yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili cha ofisini.

Nakumbuka nyumba moja. Mtoto alikuwa msichana wa darasa la nne. Aliniletea kigoda, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Mimi si mwalimu, lakini mtu mzima mwenye kalamu na karatasi, aliyekuja na barua ya ofisi ya kijiji, ataitwa nani tena? Nikamuuliza kama anaamini kwamba mtu akijitahidi anaweza kufaulu. "Ndiyo, mwalimu." Maswali machache mbele likaja lile lililogeuzwa kusudi: kama anaamini kwamba hata ukijitahidi mara nyingi haisaidii. "Ndiyo, mwalimu." Sauti ileile, macho chini vilevile. Nikamrudishia swali polepole nikidhani hakusikia. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayetaka kunisaidia lakini hajui ninataka nini, akajibu tena, "Ndiyo."

Katika dodoso la Nowicki na Strickland, mengi ya maswali yametungwa hivi kwamba "ndiyo" inahesabiwa upande wa mtoto anayeona mambo yako nje ya uwezo wake. Mtoto mwenye adabu, aliyefunzwa kwamba mkubwa hapingwi mbele ya wageni, anavutwa upande huo kwa heshima yake tu. Tukijumlisha watoto mia mbili wa namna hiyo tutapata namba, tutachora mchoro, na tutatangaza kwamba malezi ya kusini magharibi mwa Tanzania yanazaa watoto wasiojiamini. Tutakuwa tumepima shikamoo.

Hili si wazo langu peke yangu. Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, katika miaka ya 1970. Waliwasimulia watoto hadithi fupi na kuwaomba waisimulie tena mbele ya mtu mzima, wakakutana na kimya. Mwaka 1977 waliandika makala iliyouliza kwa nini watoto wa Afrika ni wagumu kupimwa, na jibu lao halikuwa kwamba watoto wana kasoro. Mtoto wa Kokwet hulelewa asikilize na atende. Mtu mzima kumkalisha na kumtaka aseme peke yake ni jambo asilolizoea hata kidogo. Kipimo kilikuwa kinadai ustadi ambao malezi yale hayakukusudia kuufundisha, huku kikiacha ustadi yaliyoufundisha.

Na tafsiri nayo ina mitego yake. Dodoso la asili linamuuliza mtoto kama anaweza kujizuia asipate mafua. Ukiliuliza Mbozi mwezi wa Juni, baridi ya asubuhi inapopenya hadi kwenye mifupa na sweta la shule limetoboka viwikoni, mtoto akisema hapana amesema kweli kuhusu sweta lake. Linauliza pia kama wapo watoto waliozaliwa na bahati. Kwa Kiswahili, bahati ni majaliwa. Mtoto akikana kwamba ipo, bibi yake atamshangaa.

Hapo ndipo tunafika kwenye dai la pili, lile lililoniuma zaidi. Mtoa mada alisema familia inayomzoesha mtoto kusema "Mungu akipenda" inamfundisha kukaa chini na kungoja. Angetembea shamba moja tu kabla ya kusema hivyo. Mkulima wa hapa akisema tutavuna Mungu akipenda, amekwisha kupogoa, ameweka samadi, amepalilia na amepulizia dawa. Anachomwachia Mungu ni mvua na bei, navyo kweli haviko mikononi mwake. Kahawa yetu ni arabika, na arabika duniani hupangiwa bei kwa kuangalia soko la New York. Mtoto anayemsikia baba yake akirudi kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika, na kusema, "Bei siyo yetu sisi," anasikia habari sahihi ya uchumi. Tumfundishe aamini vinginevyo ili apate alama nzuri?

Mwaka 1973 Hanna Levenson alikwisha kuonyesha kwamba kuweka kila kitu kilicho nje ya mtu kwenye kapu moja ni makosa: kuamini bahati nasibu ni jambo moja, kujua kwamba wapo watu wenye nguvu kuliko wewe ni jambo lingine, na mtu anaweza kuwa na la pili huku akijiamini kabisa. Rotter mwenyewe mwaka 1975 aliwaonya wenzake wasifanye upande mmoja wa kipimo chake kuwa wa watu wema na mwingine wa watu wabaya. Onyo hilo halikufika Ruanda. Vilevile John Weisz na wenzake, wakilinganisha Wamarekani na Wajapani mwaka 1984, waliandika kwamba kuna kudhibiti kwa kuibadili dunia, na kuna kudhibiti kwa kujirekebisha mwenyewe uendane nayo. Mama wa hapa aliyepunguza sukari ya chai ili daftari lipatikane ameitawala nyumba yake kwa njia hiyo ya pili, na mtoto wake ameona.

Dai la tatu lilisema mtoto wa kijijini haulizwi anachotaka. Anatumwa. Na kwa kuwa hachagui, hawezi kukua akijiona mwenye uwezo. Msingi wa dai hili naujua. Diana Baumrind alianza katika miaka ya 1960 kugawa wazazi kwa mitindo: wa amri tupu, wa kuachilia, na wale wanaoweka mipaka huku wakieleza na kusikiliza. Kazi yake ni nzuri na ninaiheshimu. Ila familia alizozichunguza zilikuwa za Berkeley, California, nyingi zenye kipato cha kutosha, ambako kitu ambacho mtoto wa miaka mitano anaweza kukitawala kwa kweli ni nguo atakayovaa na chakula atakachokataa. Katika nyumba kama hizo, kumpa mtoto nafasi ya kuchagua ndiyo njia ya kumpa uwezo, kwa sababu kazi halisi hakuna.

Huku kazi halisi ipo. Narudi kwa yule msichana. Tulikuwa kama katikati ya dodoso, jua la saa sita limekaza. Nyuma yangu kulikuwa na kichanja cha kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, bado imo ndani ya ganda lake jembamba. Kahawa ya hatua hiyo jua kali la mchana huipasua ganda, nayo ikipasuka inashuka daraja. Akaniambia, "Naomba ruhusa, mwalimu," akaondoka kabla sijamjibu. Alitia kiganja kwenye punje, akazigeuza, akauma moja kwa meno ya mbele. Akamwita mdogo wake kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kinywani mwake muda wote ule, wakashika turubai huku na huku, wakafunika, akaweka jiwe kwenye kila pembe. Upande wa kivulini akauacha wazi. Halafu akarudi kwenye mkeka, akakunja miguu, akashusha macho.

Mama yake alikuwa shambani. Hakuna aliyemtuma.

Watu waliochunguza watoto wa Afrika Mashariki kwa kuwatazama, badala ya kuwahoji, wameliona hilo zamani. Robert na Barbara LeVine walikaa Nyansongo, katika nchi ya Wakisii nchini Kenya, katikati ya miaka ya 1950, wakiwa sehemu ya utafiti wa jamii sita duniani ulioongozwa na Beatrice na John Whiting. Watoto walitazamwa wakiwa katika shughuli zao za kawaida, kwa vipindi vya dakika tano tano, na kila walichofanya kiliandikwa. Watoto wa Nyansongo ndio waliobeba kazi nyingi zaidi kuliko wa jamii nyingine tano, mji mmoja wa Marekani ukiwamo, na ndio waliojitokeza sana kwa uwajibikaji na kuwajali wadogo zao. Kokwet nako, Super alieleza kwamba Wakipsigis hutofautisha akili ya shuleni na akili ya nyumbani, na ya nyumbani ni ya yule mtoto anayeona kinachotakiwa kufanyika na kukifanya pasipo kuambiwa. Wazazi wa hapa wana sifa hiyohiyo kwa mtoto wa namna hiyo. Wanasema, "Huyu ana akili za kikubwa," na wanaposema hivyo hawamaanishi alama za mtihani.

Sisemi kila kazi inamjenga mtoto. Nikishuka Tunduma nakuta watoto wa umri wa yule msichana wanauza maji na ndizi kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019 na foleni bado zipo, na penye foleni pana biashara. Mtoto aliyebeba beseni kichwani hadi saa tatu usiku, fedha yote ikachukuliwa na mtu mwingine, hatawali chochote. Anayetunza kichanja anaona matokeo ya mkono wake: kahawa imekauka sawa au imepasuka, na nyumbani linasemwa jina lake. Tofauti hiyo ndiyo kipimo kingepaswa kuitafuta. Dodoso la maswali 40 halina hata swali moja juu ya nani anaona matunda ya kazi ya mtoto.

Dai la nne lilihusu fimbo, na hapo mjadala darasani uliwaka. Mtoa mada alisema fimbo ndiyo inayoua kujiamini kwa mtoto, na kwamba imethibitishwa. Mzee mmoja akainuka akamjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na mtoto asiyechapwa hawezi kujizuia. Wengi walipiga makofi. Nawajibu wote wawili.

Kwa mtoa mada: neno "imethibitishwa" umelitumia mapema. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wa kike kwa wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Tobias Hecker na wenzake waliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa nchini, wakachapisha mwaka 2014 kwamba asilimia 95 walikwisha kupata adhabu ya viboko au kupigwa na mlezi angalau mara moja, na kwamba waliopigwa zaidi walikuwa na ukorofi na ugomvi zaidi. Ni matokeo mazito. Lakini watoto walipimwa wakati mmoja. Hayatuambii peke yake ni fimbo iliyoleta ukorofi au ukorofi ulioita fimbo, au umaskini ulioleta vyote. Na walichopima ni tabia, si hisia ya mtoto juu ya uwezo wake. Ukisema zaidi ya ulichopima, mzee yule anakuwa na haki ya kukukatalia.

Kwa mzee wangu, kwa heshima zote: mtoto kujizuia hakutoki kwenye fimbo. Celeste Kidd na wenzake, huko Rochester, Marekani, waliwachukua watoto 28. Nusu yao waliahidiwa rangi nzuri za kuchorea na mtu mzima akazileta. Nusu wakaahidiwa na mtu mzima akarudi mikono mitupu akiomba radhi. Baadaye kila mtoto akawekewa peremende moja laini na kuambiwa akisubiri atapata ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3. Hiyo ilichapishwa 2013. Mwaka 2018 Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao wakachapisha jaribio la namna hiyo kwa watoto wa miaka minne wa Wanso, wakulima wa Kameruni, wakitumia andazi la kwao: kama asilimia 70 walingoja la pili. Wa Ujerumani walikuwa chini ya theluthi. Mama wa Kinso anatoa amri na anatarajia utii, hakuna ubishi; lakini yuko karibu, na neno lake halibadiliki. Mtoto anajua kesho itafanana na alivyoambiwa leo.

Fimbo ya hapa kwetu haina sifa hiyo, na hili tulikiri. Leo mtoto amevunja kikombe amechapwa, juzi alivunja sahani tukacheka. Baba akirudi na bei mbaya ya kahawa, kosa dogo linakuwa kubwa. Mtoto hawezi kujua tendo gani linaleta nini. Martin Seligman na Steven Maier walionyesha mwaka 1967 kwamba mnyama anayepata maumivu asiyoweza kuyakomesha huacha kujaribu. Mwaka 2016, baada ya nusu karne, waligeuza maelezo yao wenyewe: kukata tamaa hakufunzwi, ndiko anakoangukia kiumbe maumivu yakizidi, kinachofunzwa ni kwamba tendo lako linaweza kubadili kitu. Nikisoma hayo namfikiria mtoto wa juzi na leo, yule wa kikombe na sahani, na sioni fimbo inamfunza nini.

Mtoa mada alifunga kwa methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hilo ndilo dai la tano: kwamba yote yanaanza na kuishia kwa mzazi. Utafiti uliojaribu kulipima hilo kwa uangalifu ni ule wa Bristol, Uingereza, uliowaandikisha wajawazito zaidi ya 14,000 waliotarajia kujifungua mwaka 1991 na 1992. Wazazi waliulizwa juu ya hisia zao za kutawala mambo kabla mtoto hajazaliwa, na watoto wakapimwa walipokuwa na miaka 8. Uzuri wake ni kwamba mtoto asiyezaliwa bado hajamkasirisha wala kumfurahisha mtu, kwa hiyo huwezi kusema yeye ndiye aliyembadili mama yake. Uhusiano ulikuwapo. Lakini mama aliyejiona hana nguvu mara nyingi alikuwa pia yule mwenye elimu ndogo na nyumba ngumu, na watoto wake walirithi vyote: nyumba, mtaa, shule, na damu.

Huku kwetu ningeongeza darasa lenye watoto wengi kiasi kwamba mwalimu hawezi kusahihisha madaftari yote, na zahanati ambayo mama anaifikia asubuhi na kurudi jioni bila dawa. Mtoto aliyeambatana naye amejifunza kitu siku hiyo kuhusu nani anatawala nini, na hakukifundishwa na mama. Kumlaumu yule mama mbele ya majirani zake, kwenye dawati la mtoto, ni dhuluma.

Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na ninaitakia mema kwa moyo wote. Watu wake watakuja na vipimo. Ombi langu ni kwamba kabla ya kumuuliza mtoto swali lolote, mtu akae kwenye kigoda uani kuanzia asubuhi hadi jua lizame, aandike: mtoto ameanzisha nini bila kutumwa, ameomba nini na akajibiwa vipi, ameahidiwa nini na ahadi ikawaje. Ni kazi ya kuchosha na ni ghali. Dodoso linakwisha kwa dakika 25.

Siku ile nilipomaliza, chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na mstari mmoja wa maoni ya mhojaji. Niliandika: amefunika kahawa mwenyewe saa sita, ameacha upande wa kivuli. Jioni, kijana aliyekuwa anaingiza majibu kwenye kompyuta aliniuliza nimpe namba ya jibu hilo. Nilimwambia halina namba. Akasema mfumo haupokei maneno, akaniomba radhi, akaendelea na fomu iliyofuata.